Je, kina Stewart wote ni ukoo mmoja? Safari ya jina kutoka Brittany hadi Kibwezi

Ukipekua historia ya Afrika Mashariki ya mwanzo wa ukoloni, jina Stewart linakukuta mara tatu ndani ya robo karne. Mwaka 1891 Dk. James Stewart, mmisionari wa Kiskoti aliyekuwa mkuu wa shule ya Lovedale huko Afrika Kusini, aliongoza msafara kutoka pwani hadi Kibwezi kufungua misheni. Misheni hiyo ilihamia Kikuyu mwaka 1898, na ni mmoja wa mizizi ya kanisa la Kipresbiteri (PCEA) nchini Kenya. Mwaka 1904 Sir Donald Stewart, Kamishna wa Uingereza katika nchi ambayo leo ni Kenya, alifunga na Olonana na viongozi wengine wa Kimaasai mkataba uliowaondoa Wamaasai kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa. Halafu Juni 1915, Brigedia Jenerali J. M. Stewart alivuka Ziwa Victoria na askari wake kwa meli kutoka Kisumu, wakaishambulia Bukoba na kubomoa kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani.

Mtu aliyelelewa katika mila za ukoo ataona majina hayo na kuuliza mara moja: hawa ni ndugu? Wamarekani na Wakanada wenye jina hilo nao wanauliza vivyo hivyo, na wako wafanyabiashara walio tayari kuwauzia jibu. Kuna vikombe vyenye nembo, skafu za tartani, na vyeti vya nasaba vinavyodai kwamba kila Stewart ana damu ya kifalme. Cheti hicho mimi nisingekitolea hata senti. Jina hili limewafikia watu kwa njia nyingi, na damu ni mojawapo tu.

Walter bin Alan

Katika karne ya 11 watu wengi wa Ulaya Magharibi hawakuwa na jina la ukoo. Mtoto alibatizwa jina moja, basi. Wakitokea kina John watano kijijini, mmoja aliitwa kwa jina la baba yake, mwingine kwa mahali alikotoka, mwingine kwa kazi yake au hata kwa kilema chake. Makabaila waliosema Kifaransa cha Kinormani walitumia neno fitz, ambalo ndilo bin letu. Walter fitz Alan ni Walter bin Alan, na mwanawe akaitwa Alan bin Walter. Jina la pili lilibadilika kila kizazi na hakuna aliyeona tabu, mpaka urithi wa ardhi, hati na kodi zilipowafanya makarani watake jina lisilobadilika.

Huyu Walter bin Alan ndiye babu wa kina Stewart wa kifalme, na asili yake haikuwa Uskoti. Wazee wake walitoka Dol, mji mdogo wa Brittany, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Normandy. Hati za huko za karne ya 11 zinaitaja familia iliyorithishana kazi ya kusimamia nyumba ya askofu mkuu wa Dol. Katika Kilatini cha makarani mwenye kazi hiyo aliitwa dapifer, yaani mleta chakula mezani. Usidhani alikuwa mpishi. Msimamizi wa nyumba ya mkubwa ndiye aliyeshika hesabu za mapato, akajua ghalani kuna nini, na akawa na neno kuhusu nani amwone bwana na nani asubiri. Alan mmoja wa familia hiyo alikwenda kwenye Vita vya kwanza vya Msalaba mwaka 1097 akiwa na cheo hicho.

Mfalme Henry I wa Uingereza, aliyetawala kuanzia 1100 hadi 1135, aliwafahamu Wabretoni tangu alipokuwa mwana wa mfalme mwenye ardhi upande ule wa Normandy. Alipopata kiti, aliwaita baadhi yao wamsaidie kushika nchi. Alan bin Flaad wa Dol akapewa ardhi Shropshire, mpakani na Wales, na nyingine Norfolk. Kati ya watoto wake, watatu ndio wa kufuatilia hapa. Jordan alibaki na urithi wa Brittany. William alichukua Shropshire. Walter, aliyekuwa mdogo wao, hakubakiwa na kikubwa.

Henry alipokufa, Uingereza iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya binti yake Matilda na mpwa wake Stephen. William alishika upande wa Matilda, na mwaka 1138 Stephen akamfukuza Shrewsbury. Sasa, Mfalme David I wa Uskoti alikuwa mjomba wa Matilda, na alikuwa akitafuta makabaila wapanda farasi wa kumsaidia kujenga utawala wa mtindo wa Kinormani. Walter akaenda kwake. Alifanywa msimamizi wa nyumba ya mfalme na kupewa ardhi ya Renfrew na Paisley, magharibi ya mahali ambapo leo ni Glasgow. Yaani mtoto wa familia ya wasimamizi wa Dol alipata kazi ileile ya wazee wake, safari hii kwa mfalme badala ya askofu.

Malcolm IV, mjukuu wa David, aliithibitisha kazi hiyo kwa hati mwanzoni mwa miaka ya 1160. Hati hii ina utamu wake kwa sababu inashughulika na mambo ya kawaida kabisa. Katika kila mji wa mfalme, Walter apewe kiwanja cha kujenga nyumba ya kufikia, na kila kiwanja kiende na ekari 20 za ardhi. Msimamizi husafiri na mfalme, kwa hiyo anahitaji pa kulala. Naye kwa mali yote hiyo amtolee mfalme utumishi wa mashujaa watano wapanda farasi. Kubwa zaidi, usimamizi uwe wake na wa warithi wake. Bila kifungu hicho cha mwisho makala haya yasingeandikwa.

Walter hakusahau alikotoka. Alipoanzisha nyumba ya watawa mwaka 1163, ile iliyokuja kuwa abasia ya Paisley, aliwaleta watawa wenyewe kutoka Wenlock, kulekule Shropshire.

Cheo kinageuka jina

Neno la Kiingereza la kazi hiyo lilikuwa stigweard, mlinzi wa nyumba. (Waliowachukia kina Stewart walipenda kusema maana yake ni mlinzi wa banda la nguruwe. Ni kebehi tu.) Kwa Kiskoti likatamkwa stewart, na kwa vizazi kadhaa lilimhusu mtu mmoja kwa wakati mmoja, yaani yule mwenye cheo.

Ukitaka kuona cheo kikigeuka jina, mwangalie Sir John Stewart wa Bonkyl, aliyeuawa katika vita vya Falkirk mwaka 1298. John hakuwa msimamizi wa mfalme hata siku moja. Msimamizi alikuwa kaka yake, James. Lakini John na watoto wake nao wanaitwa Stewart, na kufikia hapo neno halisemi tena kazi ya mtu. Linasema kwao ni wapi. Pwani yetu tunalijua jambo hili: Jumbe kilikuwa cheo kabla ya kuwa jina la mtu ambaye hajawahi kutawala hata mtaa.

Ndugu waliobaki Shropshire walifanya kinyume. Hawakuwa na cheo kama kile, kwa hiyo wakaligandisha lile bin. Watoto wa William wakawa FitzAlan moja kwa moja, hata wale ambao baba zao hawakuitwa Alan, wakawa watawala wa Arundel mpaka mstari wao wa kiume ulipokatika mwaka 1580. Jina lao bado limo katika jina Fitzalan-Howard la familia ya madyuki wa Norfolk. Kwa hiyo FitzAlan wa Uingereza na Stewart wa Uskoti ni wa baba mmoja, majina mawili. Weka mfano huo karibu, kwa sababu mbele tutakutana na kinyume chake mara nyingi.

Mwaka 1315 msimamizi wa sita, Walter, alimwoa Marjorie, binti wa Mfalme Robert Bruce. Mtoto wao Robert alizaliwa 1316, akangoja muda mrefu, na mwaka 1371, mjomba wake alipokufa bila mtoto, akawa Mfalme Robert II akiwa na umri wa miaka 54. Hivyo ukoo wenye jina la mtumishi wa nyumba ya mfalme ukaingia wenyewe katika nyumba hiyo na kukalia kiti. Cheo hakikufutwa. Kilipewa mrithi wa kiti, na hadi leo mrithi wa ufalme wa Uingereza anahesabiwa kuwa Msimamizi Mkuu wa Uskoti.

Babu wa kubuni

Wafalme wachache hufurahi kusema babu yao alikuwa mhamiaji mwenye kazi ya ndani. Mwaka 1527 mwanachuoni Hector Boece alichapisha historia ya Waskoti kwa Kilatini, na ndani yake yumo Banquo, shujaa aliyeuawa kwa amri ya Macbeth, ambaye mwanawe Fleance alikimbilia Wales, na huko akazaliwa mtoto aliyerudi Uskoti kuanzisha ukoo wa wasimamizi. Hadithi ilikuwa tamu, maana iliwapa kina Stewart mizizi ya kale ndani ya nchi. Tatizo ni kwamba Banquo hatajwi na kumbukumbu yoyote ya zama alizodaiwa kuishi.

Shakespeare aliichukua hadithi hiyo kupitia historia ya Holinshed, mwandishi wa Kiingereza, akaiweka jukwaani karibu mwaka 1606, wakati mfalme wa Uingereza akiwa James, Stewart mwenyewe. Waliosoma Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968, watakumbuka wale wafalme wanane wanaopita mbele ya Makbeth, wote uzao wa Banquo. Hiyo ilikuwa sifa kwa mfalme aliyekuwa na uwezo wa kufunga majumba ya maonyesho.

Ilichukua karne tatu kumwondoa Banquo kwenye nasaba. George Chalmers alionyesha mwaka 1807 kwamba Walter wa Renfrew alikuwa mtoto wa Alan wa Shropshire, na mwaka 1901 J. Horace Round akazifuata hati mpaka Dol. Hata hivyo bado unaweza kukuta Banquo kwenye miti ya ukoo inayosambazwa mtandaoni, amekaa juu kabisa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kisa cha pili cha nasaba ya kughushi kina kejeli zaidi. Oliver Cromwell, mtu ambaye saini yake imo kwenye hati iliyomkatisha kichwa Mfalme Charles Stuart mwaka 1649, alikuwa na mama aliyeitwa Elizabeth Steward. Familia ya mama huyo ilidai kutoka kwa kina Stewart wa kifalme, kwa hiyo ikasemwa Cromwell alimwua jamaa yake. Watafiti wa karne ya 19 walipozikagua hati, wakakuta kina Styward wa Norfolk, wakulima na mawakili wa kienyeji waliopata jina kwa njia yao wenyewe, kisha wakajishonea babu wa Kiskoti walipopata fedha.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mfalme hakuwa peke yake kuwa na msimamizi. Kila askofu alikuwa naye, kila abasia, kila kabaila mwenye shamba kubwa, Uingereza na Uskoti kote. Wasimamizi hao walikuwa mamia, na watoto wa wengi wao waliachiwa neno hilo kama jina: Steward, Stewart, Steuart, Styward. Hakuna sababu ya kudhani wana undugu, kama vile hakuna sababu ya kudhani kila Smith wa Uingereza ametoka kwa mhunzi mmoja.

Walioongezeka ukooni bila kuzaliwa ndani yake

Damu yenyewe ilienea sana, hilo halina ubishi. Robert II alikuwa na watoto wasiopungua 20, wa ndoa na wa nje ya ndoa. Mmoja wa wana wake, Alexander, aliyeitwa Mbwamwitu wa Badenoch, aliteketeza kanisa kuu la Elgin mwaka 1390 kwa ugomvi na askofu, na kina Stewart wa Atholl wanahesabu nasaba yao kwa watoto wake wa nje. Kwa John wa Bonkyl walitoka kina Stewart wa Darnley na wa Appin.

Lakini katika Uskoti ya zamani mtu angeweza pia kuchukua jina la bwana mwenye ardhi aliyoilima, au la kabaila aliyemlinda. Si wote walifanya hivyo. Jeshi la Stewart wa Appin lililopigana Culloden tarehe 16 Aprili 1746, katika vita ambamo waliotaka kuwarudisha wafalme wa Stuart walishindwa, lilikuwa na kina MacColl, kina Maclaren na kina Livingstone waliobaki na majina yao. (David Livingstone, huyu tunayemjua, aliandika kwamba baba wa babu yake alianguka Culloden akipigania wafalme wa zamani. Na Dk. James Stewart wa Kibwezi, akiwa bado kijana, alimfuata Livingstone mto Zambezi mwaka 1862, wakaachana akiwa amevunjika moyo.) Wengine, hasa watu wasio na ardhi, waliona jina la mkubwa ni kivuli kizuri, wakaingia chini yake.

Kundi moja linastahili kutajwa kwa jina lake. Wasafiri wa Uskoti, wale waliozunguka na mahema wakitengeneza vyombo vya bati, kuuza farasi na kutafuta lulu za mitoni, wana familia nyingi za Stewart. Wenye kumbukumbu za mdomo kati yao wametunza nyimbo na ngano za kale kuliko wasomi wengi wa vyuo vikuu. Kwa muda mrefu walidharauliwa na majirani waliolala ndani ya nyumba, huku wakibeba jina la kifalme mgongoni.

Herufi moja iliyobadilika Ufaransa

Kwa nini basi wengine ni Stewart na wengine Stuart? Wengi hudhani ni matawi mawili. Sivyo. Ni suala la karani wa Kifaransa.

Waskoti na Wafaransa walikuwa na mapatano ya muda mrefu dhidi ya Uingereza, na katika Vita vya Miaka Mia maelfu ya Waskoti walivuka bahari kumpigania mfalme wa Ufaransa. John Stewart wa Darnley alikuwa mmoja wa makamanda wao. Mwaka 1423 Charles VII alimlipa kwa kumpa mji wa Aubigny-sur-Nère, katikati ya Ufaransa. John hakuufaidi sana, maana aliuawa Februari 1429 karibu na Orléans, lakini wazao wake walikaa Aubigny kwa vizazi, wakawa majenerali wa Ufaransa mpaka Italia. Kifaransa cha wakati huo hakikuwa na matumizi ya herufi w, kwa hiyo jina likaandikwa Stuart. Aubigny bado unajitambulisha kuwa mji wa kina Stuart, na nyumba za mbao za zama zao zingalipo.

Mary, malkia wa Uskoti, alipelekwa Ufaransa mwaka 1548 akiwa na umri wa miaka mitano. Alikulia huko, akaolewa huko, na aliporudi mjane mwaka 1561 aliandika jina lake kwa Kifaransa. Tangu hapo nyumba ya kifalme ikawa Stuart, na raia waliotaka kufanana nayo wakafuata tahajia hiyo. Wengine waliandika Stewart Jumatatu na Stuart Ijumaa, kwa kuwa tahajia ya majina haikuwa imetulia. Usijenge nadharia ya ukoo juu ya herufi hizo.

Kuna fundo jingine hapohapo ambalo wasimuliaji wengi hulipita. Baba yake Mary, James V, alipokufa mwaka 1542, mstari wa kiume wa Robert II kwenye kiti cha enzi ulikatika. Kwa desturi ya Ulaya, mtoto wa Mary angebeba jina la baba. Kama Mary angezaa na mume wake wa kwanza, mwana wa mfalme wa Ufaransa, leo tusingezungumzia wafalme wa Stuart wa Uingereza. Lakini mwaka 1565 alimwoa Henry Stuart, Lord Darnley, wa kizazi cha yuleyule John wa Aubigny. Mtoto wao James, aliyeunganisha mataji ya Uskoti na Uingereza mwaka 1603, kwa baba alitoka kwa John wa Bonkyl aliyekufa Falkirk, na kwa mama alitoka kwa wafalme. Jina likaendelea kwenye kiti kana kwamba halikuguswa.

Kuvuka bahari

Mwaka 1609 James huyo alianza kugawa ardhi za Waayalandi wa Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, kwa walowezi wa Kiprotestanti kutoka Uskoti na Uingereza. Andrew Stewart, Lord Ochiltree, alipata eneo katika Tyrone, na mji wa Stewartstown unabeba jina la familia yake. Wapangaji wa Kiskoti waliofuata nao walikuwa na kina Stewart wa kila aina. Karne iliyofuata, kodi za ardhi zilipopanda na mavuno kuharibika, vizazi vyao walipanda meli kwenda Pennsylvania, Virginia na Carolina. Stewart wengi wa Marekani ni wa njia hii: Uskoti, Ulster, kisha milima ya Appalachia. Wengi wao walikuwa Wapresbiteri waliowachukia wafalme wa Stuart kwa mateso ya kidini ya karne ya 17, jambo linalochekesha kidogo ukiona wazao wao wakinunua nembo ya mfalme.

Nyumba ya kifalme yenyewe ilikwenda uhamishoni. James II alikimbilia Ufaransa mwaka 1688 na kufungua baraza lake Saint-Germain-en-Laye. Mjukuu wake Charles Edward alizaliwa Roma 1720, akashindwa Culloden, akafa Roma 1788. Ndugu yake Henry, kardinali wa Kikatoliki, alikufa 1807, na mstari halali wa kiume ukaishia hapo. Mstari usio halali haukuishia. Mwana wa nje wa James II alipewa jina FitzJames, bin James kwa mtindo wa mababu wa Shropshire, na wazao wake Uhispania wakaitwa Fitz-James Stuart. Ndio madyuki wa Alba.

Wengine walikwenda Kanada na New Zealand, ambako kisiwa cha upande wa kusini kiitwacho Rakiura kwa Kimaori kilipewa jina la baharia aliyeitwa Stewart. Hizo ni habari za kawaida za uhamiaji wa Waskoti na sitazirefusha.

Njia ya Karibi si ya kawaida. Waskoti wengi walikuwa wamiliki, mameneja na makarani wa mashamba ya miwa ya Jamaika na visiwa jirani. Waafrika waliotumikishwa humo walipata majina ya Kiskoti kwa ubatizo, kwa kuandikwa na karani, kwa kuzaliwa na mwenye shamba aliyemlazimisha mama yao, au kwa kuchagua wenyewe walipopata uhuru mwaka 1838 na kutakiwa kuwa na jina la pili. Kwa hiyo Stewart wa Kingston anaweza kuwa na damu ya Stewart wa Perthshire, au asiwe nayo kabisa, na jina pekee haliwezi kuamua.

Ndoa nayo ina sehemu yake. Maria Miller, mwanamke Mweusi aliyezaliwa huru Connecticut mwaka 1803, aliolewa Boston na James W. Stewart, wakala wa meli, naye akachukua jina la mume pamoja na ile herufi W ya katikati. Ndiye Maria W. Stewart aliyesimama mbele ya wanaume na wanawake wa rangi zote mwaka 1832 kupinga utumwa, wakati mwanamke wa Marekani kuhutubia hadharani ilikuwa kashfa. Martha Stewart wa televisheni naye alizaliwa Kostyra, jina la Kipoland, na Stewart ni la aliyekuwa mumewe. Mchekeshaji Jon Stewart alizaliwa Jonathan Stuart Leibowitz katika familia ya Kiyahudi, akageuza jina lake la katikati kuwa la ukoo. Watu watatu maarufu, na hakuna aliyelipata kwa baba.

Damu inaposema vingine

Kromosomu Y hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana karibu bila kubadilika, na mabadiliko madogo yanayotokea hubaki kama alama kwa wazao wote wa kiume. Watafiti waliwapima wanaume wenye nasaba iliyoandikwa vizuri wakapata alama iitwayo S781, inayowahusu wazao wa kiume wa John wa Bonkyl, na nyingine, L745, iliyo ya zamani zaidi katika ukoo huohuo. Baadhi ya wanaume wa Stewart wanazo. Wengi hawana, na hawana kosa lolote: ni watoto wa wasimamizi wengine, au wa wapangaji, au wa ndoa na malezi ambayo hayakuandikwa popote.

Na yuko asiyeitwa Stewart aliye nayo. Duke wa Buccleuch ni wa ukoo wa Scott. Babu yake alikuwa Duke wa Monmouth, mwana wa nje wa Charles II, aliyemwoa Anne Scott mwaka 1663 na kuchukua jina la mke. Maadui wa Monmouth walivumisha kwamba hakuwa hata mtoto wa mfalme. Kipimo kilipofanywa, Y ya Duke ililingana na ya kina Stuart. Jina limeondoka, damu imebaki.

Kuhusu wale watatu wa Kenya na Bukoba, jina haliwezi kutuambia zaidi ya hapo. Stewart ni mojawapo ya majina 10 yanayopatikana zaidi Uskoti, na dola ya Uingereza iliajiri Waskoti kwa wingi kuwa wamisionari, watawala na askari. Kuwakuta watatu ndani ya miaka 25 si ajabu. Ajabu ingekuwa kutomkuta hata mmoja.

Mwenye jina hili anayetafuta asili yake aanze na yeye mwenyewe arudi nyuma, asianze na mfalme kushuka chini. Uskoti ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kwa lazima tarehe 1 Januari 1855. Kabla ya hapo kuna daftari za parokia, la zamani kabisa likiwa la Errol la mwaka 1553, ingawa parokia nyingi zilianza kuandika baadaye sana. Nembo asinunue: kwa sheria ya Uskoti nembo ni ya mtu mmoja aliyeandikishwa katika mahakama ya Lord Lyon, afisa anayesimamia nembo za Uskoti, na hakuna nembo ya jina. Kwa Wamarekani Weusi, sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliotoka utumwani. Kwa Wajamaika, daftari za watumwa zinaanza 1817, na mara nyingi zinatoa jina moja tu bila la ukoo, kwa hiyo inabidi kuzisoma pamoja na wosia na hesabu za wenye mashamba.